Sahani Sita za Mama Mkubwa

Mtu akikuletea maharage yenye fukusi, akakuwekea mezani na kukuambia ni sadaka ya Krismasi, utamjibu nini? Mimi nilimjibu, "Rudi nayo nyumbani, mzee, uyapike. Ukishiba, uje uniambie." Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwenye ng'ombe kule Rukoki, na tangu siku ile hakunisalimia hadi Pasaka. Shauri yake.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa nauza vitenge sokoni Kasese mjini, na akina mama wa kanisa letu walikuwa wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya chakula. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kuanzia Novemba watu walete vyakula, sisi tuchague vinavyofaa, halafu siku mbili kabla ya Krismasi tuvipakie kwenye gari na kuwapelekea wajane kumi na wawili huko Karambi, upande wa Bwera. Karambi ndiko nilikozaliwa. Na mmoja wa wale wajane alikuwa mama yangu mkubwa, dada yake mama, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Kanisa zima lililijua hilo. Kwa hiyo niliapa mapema kwamba hakuna ulimi wa mtu utakaosema nimempendelea.

Sasa njoo uone walivyoleta. Kila Jumapili baada ya ibada nilikaa nyuma ya meza ndefu pale barazani, na kila kitu kilipita mkononi mwangu. Sukari iliyofunguliwa, imeingia sisimizi. Makopo ya nyanya yaliyobonyea. Mwalimu mmoja alileta boksi la zile chembe za mahindi ambazo watoto wa mjini hula na maziwa baridi. Nikamuuliza, "Bibi wa miaka sabini kule mlimani atazifanyia nini hizi?" Akanijibu ati zina vitamini. Mwingine alileta chupa ya sosi ya nyanya iliyobaki nusu, tena ameifuta vizuri kwa kitambaa ionekane mpya. Makaroni niliyapata mengi kuliko chumvi. Biskuti tarehe imepita. Mama mmoja, Mungu amsamehe, alileta keki ya harusi ya binti yake, na harusi ilikuwa Agosti.

Hasira zilinipanda hadi kichwa kikawa kinauma. Nilijua wanachofanya. Mtu anaingia stoo yake, anatazama kile ambacho watoto wamekikataa, anasema, "Hiki watakula maskini." Halafu mchungaji anasimama mbele kutukumbusha kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Moyo gani huo wenye fukusi? Nilikuwa nang'ata harage moja moja kwa meno kuona kama ni la msimu huu au la miaka mitatu nyuma, lile ambalo utalichemsha tangu asubuhi hadi jioni, kuni zikaisha nalo bado gumu kama changarawe. Nilikataa nusu ya vitu. Watu wakanuna, lakini mchungaji alinisifu hadharani. Alisema tangu kanisa lijengwe halijapata mwenyekiti mwenye jicho kama langu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa Jumapili mbili mfululizo.

Katikati ya hayo, mama mkubwa akanipigia simu. Yeye ni Mkonzo kama mimi, na kwa kawaida tunaongea Kikonzo, lakini ujana wake aliumalizia kwenye biashara ya mpakani, akivuka kwenda Kongo na kurudi, na akiwa na jambo zito anahamia Kiswahili cha huko, watu wakawa batu. Nikisikia Kiswahili tu najua mambo si mchezo.

"Mutoto wangu, beko banasema ni weye unachagua chakula ya Krismasi."

"Ni mimi, Mama."

"Basi sikia. Mwaka huu nataka kurudisha sahani za batu."

Lazima nieleze habari ya sahani. Kwetu, siku ya sikukuu, jirani akipika anakupakulia sahani, anaifunika kwa kitambaa safi na kukuletea. Wewe unakula, unaosha, lakini sahani hairudi tupu. Unaiweka mpaka sikukuu yako ikufikie mkononi, nawe unaipakia chakula, unaifunika, unairudisha. Ukiirudisha tupu umemwambia mwenzako kwamba ujirani umekwisha. Na haiwekwi chakula cha kila siku. Bundu, ule ugali wetu wa muhogo, kila nyumba inao. Maharage kila nyumba inayo. Sahani ya sikukuu inataka wali, na juu ya wali kitu cha kuonekana: nyama, kuku, hata samaki.

Mama mkubwa alikuwa maarufu kwa sahani zake. Wakati mumewe yuko hai walichinja mbuzi, na mimi nilikuwa ndiye mpelekaji, nyumba hadi nyumba. Halafu mume akafa, mbuzi wakaisha, goti likamshika. Krismasi mbili zilikuwa zimepita. Majirani zake watatu waliendelea kumletea, kila mmoja sahani moja kila Krismasi, na yeye hakuwa na cha kurudishia. Sahani sita. Alizifunga katika leso na kuziweka chini ya kitanda, na kila mwezi anazitoa anaziosha, ingawa hakuna aliyezitumia. Wenyewe majirani walimwambia, "Usijali, Mama, sisi hatuna haja nazo." Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Ni mtu gani hana haja na sahani yake?

"Muchele kidogo tu," aliniambia siku ile. "Na samaki ya kuweka juu. Nyama siombi."

"Nitaangalia, Mama," nikasema.

Nitaangalia! Naikumbuka sauti yangu ile, sauti ya mtu wa ofisini. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yangu ya makaroni, nimechoka, na moyoni nikajisemea kwamba huu ni ukaidi wa uzee. Watu wanahangaika na njaa, yeye anahangaika na sahani. Nikakata simu nikaendelea kung'ata maharage.

Jumapili ya pili ya Desemba akaja mke wa sajini. Huyu alikuwa mtu wa kaskazini, anakaa kambi ya jeshi na mumewe, mrefu, anacheka kwa sauti hadi barabarani. Alishuka kwenye boda boda na gunia zima la mchele, kilo hamsini, safi, unanukia. Nyuma yake boda boda ya pili ilibeba boksi la samaki wakavu kutoka Kasenyi, waliokaushwa vizuri, wamepangwa kichwa kwa mkia. Alisema wanawake wa kambini walichanga. Katika mwezi mzima ule wa kuchagua, hicho ndicho chakula cha kwanza nilichopokea bila kukigeuza-geuza.

Na ndicho nilichokiharibu mwenyewe.

Nilipiga hesabu zangu usiku kucha kitandani. Mchele ule tukigawa ni kilo nne na kidogo kwa kila mjane. Wajukuu wamejaa nyumbani kwa sababu ya likizo. Watapika siku moja, mbili, umekwisha. Lakini mchele nikiubadilisha kwa unga wa muhogo, unga ni wa bei rahisi, kila mama ataondoka na mzigo wa wiki nne. Mwenyekiti mwenye jicho angefanya nini? Samaki nao nikaona watanukisha unga kwenye gari, nikawabadilisha kwa maharage mapya ya kutosha. Nilijiona nina akili kuliko kanisa zima.

Mke wa sajini alipata habari, akaja dukani kwangu, mikono kiunoni.

"Mama Mwenyekiti, ile mchele yetu iko wapi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, hakucheka.

"Sasa wewe, hao wamama wanakula nini kila siku?"

"Bundu na maharage."

"Na Krismasi unawapelekea nini?"

"Unga na maharage. Lakini ya kutosha mwezi mzima! Mchele ungeisha siku moja, dada yangu."

"Krismasi si iko siku moja?" akasema. "Hata sisi kambini, mwaka muzima ni ugali ya posho na maharage, posho na maharage. Lakini siku ile afande mwenyewe anasema leo posho hapana. Mtu apewe siku yake, Mama."

Nilikasirika. Nilimwambia yeye si wa huku, hajui maisha ya mlimani, kwamba wale ni mama zangu na mimi ndiye ninayejua wanachohitaji. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, wewe ndiyo mkubwa," akaondoka. Sikumwomba msamaha wakati ule, na baadaye mumewe alihamishwa, sikumwona tena. Hilo nalo linaniuma.

Unga niliununua kwa mfanyabiashara mmoja pale Kasese. Magunia matano. Alifungua moja akaniwekea unga kiganjani, akajigamba, "Huu si unga wa mchezo, Mama. Muhogo wa Bwera huu, wa milimani kabisa, hauna hata chembe ya mchanga." Na mimi, mtoto wa Karambi, niliulamba unga ule na kutikisa kichwa kama mtaalamu. Sikuona kitu. Jicho langu lile lililosifiwa madhabahuni halikuona kitu.

Tarehe ishirini na tatu tukapanda pikapu ya muumini mmoja, mimi, mchungaji na akina mama wawili. Tukapita Kikorongo, jua kali, vumbi la unga limetukalia kwenye nyusi. Tulifika Karambi saa nane. Wajane walikuwa wamekaa kwenye uwanja wa kanisa dogo la kule, wamevaa vitenge vyao vya Jumapili, kila mmoja na kikapu chake. Mama mkubwa alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amekuja na vikapu viwili, kikubwa na kimoja kidogo chenye kifuniko. Kile kidogo nilikifahamu. Ndicho alichowekea mchele tangu zamani, ili panya wasiufikie.

Nilikiona, lakini nilikuwa nimekwishasimama kuhutubia. Nikasema kwa sauti, "Mama zangu, hapa hakuna upendeleo. Anayeitwa mama yangu na asiyeitwa mama yangu, kila mtu atapata sawasawa, kwa beseni hili hili." Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina.

Tukaanza kupima. Beseni nne za unga, mbili za maharage, chumvi, kipande cha sabuni. Wajane wakaanza kutazamana, nami sikuelewa kwa nini. Kisha bibi mmoja mwenye mdomo mwepesi akauchota unga kwa vidole, akaunusa, akawaambia wenzake kwa Kikonzo, "Muhogo umetembea mpaka Kasese, sasa umerudi kutusalimu." Wakaangua kicheko. Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Mchungaji, ambaye hajui Kikonzo, alicheka nao akidhani ni furaha.

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Karambi kila nyuma ya nyumba kuna shamba la muhogo. Karambi ndiyo inayoilisha Kasese muhogo. Mwezi mzima nimegombana na watu wazima juu ya keki na sosi, nimejitia hakimu wa vyakula, halafu nimechukua mchele na kuubadilisha ili niwaletee wakulima muhogo wao wenyewe, umesagwa! Hata yule wa chembe za mahindi aliwaletea kitu wasichokuwa nacho.

Mama mkubwa hakucheka. Zamu yake ilipofika aliweka kikapu kikubwa, akapokea, akasema asante kwa heshima zote. Kile kidogo alikirudisha chini ya kitenge chake.

Wenzangu walirudi Kasese na gari, mimi nikabaki kula Krismasi naye. Tulipofika nyumbani ndipo aliponitolea kipande cha kitambaa kutoka kifuani mwake. Kilikuwa chekundu chenye madoadoa meupe. Kule kwetu kila mkulima hushona mdomo wa gunia lake kwa utepe wa nguo yake iliyochakaa, ili sokoni lijulikane na lisipotee. Mfanyabiashara hutoa muhogo, akausaga, akaurudisha unga ndani ya gunia lile lile. Utepe ule mama mkubwa aliufungua kwenye gunia tulilompimia.

"Unaijua hii nguo?" akaniuliza, na ilikuwa Kiswahili.

Niliijua. Ilikuwa gauni la jirani yake wa upande wa chini, yule anayeleta sahani nyeupe zenye ua la bluu. Alilivaa miaka na miaka.

"Sasa nimurudishie sahani yake na muhogo yake?"

Nililia. Sioni haya kusema. Nikamwambia nachukua boda boda sasa hivi, naenda Bwera, maduka bado wazi, nanunua mchele na nyama kwa pesa yangu mwenyewe, kesho kutwa sahani zote sita zinarudi. Nilikuwa nimekwishashika kitambaa cha kichwa.

"Keti chini," akasema.

"Mama, niache nirekebishe."

"Keti. Weye ulisimama mbele ya batu bote, ukasema kila mama amepata sawasawa. Bote banajua nimepata unga. Krismasi nikitoa muchele, batasema nini? Batasema mwenyekiti alimufichia mama yake. Jina yako itaharibika mpaka Kasese. Hapana. Sahani zimengoja miaka mbili, zitangoja tena."

Nilibisha hadi sauti ikakauka. Nilisema acha waseme. Nilisema kanisa na libaki na kamati yake. Alikwenda kuosha sufuria, na kwa namna alivyokuwa akiisugua nilijua mlango umefungwa.

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, alipita kwa wale majirani watatu, goti lile lile linalomuuma, akawaambia kwamba sikukuu atakula kwangu Kasese, tunaondoka alfajiri. Niliposikia nilishangaa. "Tunaenda Kasese, Mama?" Akasema, "Hatuendi." Ndipo nikaelewa anachokitaka. Alikuwa hataki sahani ya saba.

Kwa hiyo Krismasi ile tuliila ndani, mlango umefungwa kwa komeo, dirisha limefunguliwa kidole kimoja tu cha mwanga. Hatukuwasha moto, moshi usije ukatusema. Bundu la jana lilikuwa baridi, limekaza, na maharage yangu mapya ya kutosha yalikuwa yameganda juu yake. Nje tulisikia nyimbo zikishuka kutoka kanisani, watoto wakikimbia na nguo mpya, mafuta yakilia kwenye vikaango vya watu. Mama mkubwa alikaa kitandani, mikono mapajani. Mtu aliyenifundisha kwamba hodi hata ya adui huitikiwa alikuwa amejificha katika nyumba yake mwenyewe kama mwizi, na ni mimi niliyemfunga humo.

Saa saba hivi tukasikia viatu uani.

"Hodi!"

Mama mkubwa akanitazama, akaweka kidole mdomoni.

"Hodi, Mama! Hodi humu ndani!" Ilikuwa sauti ya jirani wa upande wa chini. Akangoja. Akapiga mara ya tatu, kisha akajisemea peke yake, "Kumbe wamekwenda kweli, maskini. Basi naiacha hapa, labda watarudi jioni." Tukasikia sahani ikigusa jiwe la mlangoni, taratibu, na viatu vikiondoka. Harufu ya wali na nyama ikapenya chini ya mlango, ikajaa chumba kizima.

Halafu kuku wakaanza kulia-lia pale nje, wakikaribia.

"Weye ndiye unajua kuchagua chakula," mama mkubwa akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Chagua basi. Kuku bakule, ao tukule sisi?"

Nikafungua komeo nikaiingiza. Sahani nyeupe, ua la bluu, imefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Aligawa kwa mkono, kwangu nyama mbili, kwake moja, na tukala wali ule bila kutazamana. Ulikuwa mtamu. Alipomaliza akamimina maji kwenye beseni, akaiosha sahani ndani na nje, akaifuta kwa kanga yake, akaiinua kwenye ule mwanga wa dirisha kuona kama kumebaki mafuta. Kisha akainama polepole, akishika goti, akalivuta lile furushi la leso.

"Saba," akasema.